Leja ya Mzee Hazina

Kwetu kuna neno moja halitajwi mezani: hazina. Hata habari za Hazina ya Taifa zikija kwa TV, mathe anabadilisha stesheni. Babu yangu alikuwa mweka hazina wa chama kidogo cha mafundi wa mabati pale Kamukunji, Nairobi, kuanzia 1986 hadi Machi 1997, na watu walimwita Mzee Hazina mpaka jina lake la kitambulisho likasahaulika. Halafu siku moja, mkutanoni, mbele ya watu aliokuwa akila nao githeri kila mchana, ikasemwa amekula pesa. Shilingi 20,600. Akaondoka na nyundo mbili na mkasi wa kukatia mabati, akawa anafanyia kazi nyumbani Dandora, na hakukanyaga tena Kamukunji hadi alipofariki mwaka 2011.

Siku ya mkutano huo nilikuwa sijazaliwa, lakini nimeilipia. Nilipoacha chuo mwaka wa pili (nilikuwa nasoma biashara, karo ikakosekana, nikaahirisha, na kuahirisha kukageuka kuacha) shangazi yangu mmoja alisema mbele ya wageni kwamba ukoo wetu na hesabu haziivi. Watu wakacheka. Mathe hakucheka.

Mwaka jana tulipohama Dandora kwenda Kayole, ilibidi tuamue kuhusu sanduku lake la bati, la bluu, kufuli limeshika kutu. Mathe akasema, "Hizo takataka amua mwenyewe." Nikavunja kufuli. Ndani kulikuwa na leja yenye jalada gumu, kitabu cha benki, vitabu vitatu vya risiti, na barua za chifu zilizofungwa kwa waya mwembamba kama kuni. Nilikuwa natafuta stori ya kuandika, nakiri. Nikakaa na hivyo vitu miezi minne.

Kwanza, kwa nini mafundi wawe na chama hata kidogo? Nilidhani jibu ni umoja ni nguvu na mambo kama hayo. Leja haisemi hivyo. Ukurasa wa kwanza una mambo mawili tu: mazishi na vibanda.

Tuanze na vibanda. Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani lilichapisha ripoti yake maarufu kuhusu ajira Kenya, iliyowaambia wakubwa kwamba hawa watu wa kupiga mabati barabarani si kero, ni uchumi. Serikali ilichukua zaidi ya miaka kumi kuisikia. Katikati ya miaka ya 1980 Rais Moi akafika Kamukunji kuwaona mafundi waliokuwa wakifanya kazi juani, ndiyo asili ya jina jua kali, na baada ya hapo vikaanza kujengwa vile vibanda vilivyoitwa vya Nyayo. Lakini serikali haikutaka kuongea na fundi mmoja mmoja. Ilitaka chama: mwenyekiti, karani, mweka hazina, cheti kutoka kwa Msajili wa Vyama, na hesabu zipelekwe kwake kila mwaka. Ukitaka paa, unda chama. Kwa hivyo vyama vikaota kama uyoga, na watu ambao hawakuwahi kuandika zaidi ya vipimo vya karai wakajikuta wanaweka leja. Babu alichaguliwa kwa sababu mwandiko wake ulisomeka. Huo ndio uchunguzi wote aliofanyiwa.

Mazishi nayo yana historia ndefu zaidi. Mtu wa Nairobi hakutaka kuzikwa Nairobi, na kumpeleka marehemu ushago kulitaka gari, jeneza na chakula cha njiani. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa sana na vyama vya watu wa kwao. Mwaka 1980 serikali ikaamuru vyama vya kikabila vivunjwe, GEMA na Luo Union vikiwemo. Sababu zilikuwa za kisiasa, lakini maiti hazingoji siasa. Mimi naona, na leja inanipa ujasiri wa kusema hivi, kwamba mzigo mwingi wa mazishi uliangukia mahali watu walipokutana kila siku, yaani kazini. Katika chama cha babu Mkamba alichangia kumpeleka Mluo Siaya, na Mkikuyu akachangia kumpeleka Mkamba Mwingi. Hakuna aliyewahubiria.

Sasa hesabu yenyewe, na usiniruke hapa. Wanachama 64. Kiingilio shilingi 200. Ada shilingi 20 kwa mwezi, ikikusanywa Jumamosi ya kwanza. Mwanachama akifa, familia inapewa 3,000. Akifa mke au mtoto, 1,500. Wote wakilipa, chama kinaingiza 15,360 kwa mwaka. Mwaka 1987 walizika mwanachama mmoja na mtoto mmoja, jumla 4,500. Kinachobaki kinakwenda benki. Ni bima, basi, ingawa hakuna aliyeiita hivyo, na bei yake iliwekwa na watu waliokaa juu ya mapipa wakajiuliza: kwetu hapa mwaka mmoja wanakufa wangapi? Wawili, watatu. Wakagawanya.

Ukisoma leja kwa miezi unaanza kuona majira, kama ya mvua. Januari ndiyo mavuno. Wanafunzi wa Fomu Wani wanaripoti shule, kila mmoja anataka sanduku, na hata wenye madeni ya mwaka mzima wanakuja kulipa bila kuitwa. Aprili kuko chini. Desemba watu wameenda ushago na fomu ya mchango inarudi tupu. Na kuna mahali historia ya nchi inapita katikati ya mistari bila kubisha hodi. Jumamosi ya kwanza ya Julai 1990 ilikuwa tarehe 7, Saba Saba yenyewe, ule mkutano wa kudai vyama vingi uliokuwa umeitishwa katika uwanja wa Kamukunji, hatua chache tu kutoka pale. Babu ameandika neno moja: "Hakuna." Hakueleza ni nini hakuna. Wiki mbili baadaye walilipa watu 23.

Sehemu iliyonikasirisha ni safu aliyoiita "Wageni." Nilidhani ni soda za wageni. La. Ni barua zile za chifu. Harambee ya shule ambayo hakuna mtoto wa fundi aliyesoma. Harambee ya mama wa kiongozi fulani. Mchango wa kumkaribisha mheshimiwa aliyekuwa akija kuahidi vibanda. 300, 500, mwaka mmoja 1,000 mara mbili. Wazazi wetu wanapenda kutusimulia Harambee kama moyo wa taifa, na zamani huenda ilikuwa hivyo. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1980 barua ya chifu haikuwa ombi. Chama ambacho kilikuwa kinangoja kupewa plot kingekataaje? Mwaka 2003 ndipo sheria ya maadili ya watumishi wa umma ikaja kuwakataza maafisa kukusanya michango kwa njia hiyo. Nilijumlisha safu ya "Wageni" ya miaka saba ya kwanza: ilikuwa imekula zaidi ya mazishi ya watoto wote wa miaka hiyo. Nilirudia kujumlisha mara mbili, maana mimi ni yule ambaye ukoo wake na hesabu haviivi.

Hata hivyo, mwisho wa 1992 chama kilikuwa na 46,200 benki. Kwa watu wa ada ya bob ishirini, hiyo ilikuwa heshima. Babu aliipigia mstari miwili ya wino mwekundu.

Kisha ukaja mwaka 1993. Kwa wenzangu ambao hamkuwapo: uchaguzi wa Desemba 1992, wa kwanza wa vyama vingi baada ya miaka mingi, ulimwagiwa pesa. YK'92 iligawa noti za 500 hadi noti yenyewe ikapewa jina la utani la kiongozi wake, Jirongo. Goldenberg nayo ilikuwa ikilipwa mabilioni ya shilingi kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuwa zimeuzwa nje. Mwaka uliofuata mfumuko wa bei ukafika karibu asilimia 46. Serikali ikaanza kukopa kwa hati za hazina kwa riba iliyopita asilimia 70, hivyo mwenye mamilioni alikaa nyumbani akitajirika. Fundi wa mabati hakujua hati ya hazina ni nini. Alikuwa na kitabu cha benki. Benki ikawapa riba ya 5,100.

Fanya hii hesabu na mimi. Ili zile 46,200 ziweze kununua mwisho wa 1993 vitu vile vile zilivyonunua mwisho wa 1992, zilihitaji kuwa kama 67,450. Pamoja na riba zilikuwa 51,300. Zaidi ya elfu kumi na sita zimeyeyuka, na hakuna mtu aliyezigusa. Kitabu cha benki kinaonyesha pesa zimeongezeka! Hapo ndipo nilipoanza kumwonea babu huruma, kwa sababu mkutano wa chama unasoma salio, hausomi bei ya mafuta ya gari linalobeba jeneza. Salio ni kubwa, kwa nini mazishi yanakuwa madogo? Mwaka 1994 wakapandisha ada hadi 30. Kiwango cha mazishi wakakiacha 3,000 ile ile.

Lakini 1993 haikukiua chama. Kilichokiua kiko kwenye safu ya mazishi, na nilichelewa kukiona kwa sababu nilikuwa naangalia tarakimu wakati nilipaswa kuangalia maneno.

Babu aliandika sababu ya kila kifo, neno moja au mawili. 1987: "gari", kisha "surua". 1989: "uzee". Kuanzia 1992 maneno yanabadilika. "Kifua." "Homa." "Tumbo." "Kifua." "Ugonjwa mrefu." "Kifua." Mwaka 1995 walikufa tisa: wanachama watano na wake wanne. Mara mbili, mke alimfuata mumewe kabla mwaka haujaisha. Neno lenyewe halimo popote katika leja. Kisa cha kwanza cha Ukimwi Kenya kiliripotiwa mwaka 1984, na ilichukua hadi Novemba 1999 kwa Rais kuutangaza kuwa janga la kitaifa. Katikati ya tarehe hizo mbili kuna miaka kumi na tano, na watu waliipitia wakiandika "kifua."

Turudi kwa hesabu ya wazee juu ya mapipa, wawili au watatu kwa mwaka. Wanachama wanaolipa sasa ni 43. Wengine wamekufa, wengine wanauguza, wengine wameona hii ni kama kutia maji kwenye gunia. 43 kwa shilingi 30 kwa miezi 12 ni 15,480. Karibu zile zile za 1987, ila kila kitu kimepanda bei. Mazishi ya 1995 kwa kiwango cha kanuni ni 21,000. Hata kabla ya chifu kuleta barua, chama kimetoboka. Na vijana waliokuwa wanakufa ndio walipaji wazuri: wenye nguvu ya kupiga pipa likanyooka, wenye Januari nzuri. Chama kilikuwa kinapoteza mlipaji na kumlipa siku hiyo hiyo.

Chama changu mimi, cha WhatsApp, kina watu tisa na paybill. Kila mtu anaona salio kwa simu. Siku hizi nikiliangalia nauliza swali lingine: kati yetu, ni nani hajachangia tangu Machi, na kwa nini hakuna anayempigia?

Tufike kwa zile 20,600.

Machi 1997 leja inasema 38,900. Kitabu cha benki kinasema 18,300. Wahusika waliotakiwa kusaini wakati wa kutoa pesa walikuwa watatu, lakini mwenyekiti alikuwa ameanza kuugua mwaka 1995 na, kwa kusaidia, akawa anasaini karatasi za benki zikiwa tupu, kwa mafungu. Karani alisaini popote mwenyekiti aliposaini. Mwenyekiti alikufa 1996 ("kifua"). Aliyebaki kuulizwa ni mmoja. Kwa hivyo nisiseme uongo: leja ilipikwa. Wino ni wa babu. Aliandika salio ambalo halikuwako, mwezi baada ya mwezi, kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mkutano haukukosea kuona pengo.

Ukurasa wa mwisho kabisa, ndani ya jalada, kuna orodha kwa penseli. Kichwa chake: "Nyongeza." Majina 14. 1,500. 1,000. 700. 1,500. Ni majina ya waliofiwa, yale yale ya mbele kwenye wino. Kama orodha ni ya kweli, aliwalipa kiwango cha kanuni kwa wino, kisha akawaongeza kimya kimya kwa penseli, kwa sababu 3,000 ya 1986 haikuwa inamfikisha mtu Siaya tena. Orodha inajumlisha 16,600.

Zinabaki 4,000. Chini ya majina, peke yake: "M/H, karo, Jan 96." M/H ni mweka hazina. Januari 1996 mathe alikuwa anaingia Fomu Tatu. Hakuna alama ya kurudishwa. Huo ukurasa sijamwonyesha.

Ningeweza kuishia hapo na nikapata stori tamu: babu mwema, mkosaji kidogo. Tatizo ni kwamba penseli si ushahidi. Mtu aliyepika salio kwa wino anashindwaje kupika wema kwa penseli, usiku mmoja, baada ya mkutano, ili siku moja mjukuu avunje kufuli? Hilo lilinikosesha usingizi kuliko karo yoyote.

Basi nikaenda Kamukunji. Kelele ya pale inakuingia kwenye meno. Niliuliza uliza hadi nikaelekezwa kwa mzee mmoja wa karai, amepita miaka sabini, mmoja wa wachache waliobaki wa enzi zile. Nilikuwa nimeambiwa kwamba siku ya mkutano alipiga kura babu atolewe. Nilimsalimia, akaniuliza mimi ni wa nani.

"Mimi ni mjukuu wa Mzee Hazina."

Nyundo ikatulia. Akanisogezea ndoo nikae.

Hakutaka kuona hesabu. Macho yake hayasomi tena, alisema, nimsomee majina. Nikamsomea waliokufa, mwaka kwa mwaka. Majina siyaandiki hapa kwa sababu wana watoto. Kwa kila mmoja alisema kazi yake. Huyo alikuwa wa masanduku. Huyo, wilbaro. Huyo alikuwa anaimba sana, tulikuwa tunamtupia visoda. Huyo ni yule mlevi? Hapana, ni ndugu yake. Tulipofika Agosti 1995 nikasoma jina lake mwenyewe kabla sijagundua ni lake. "Mke. Ugonjwa mrefu. 1,500. Imelipwa."

"Alinipa elfu tatu," akasema.

Nikafungua ukurasa wa mwisho. Jina lake lilikuwa la tisa kwenye penseli. 1,500. Nikamwambia.

Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaeleza kwamba mwenye gari la kwenda Mwingi alikuwa ameitisha pesa mingi, na babu alikuja usiku nyumbani kwake Shauri Moyo, akampa zile nyingine mkononi, akamwambia asiseme, kwa sababu wengine wakisikia wote watataka na haziko.

"Na siku ya mkutano, babu?"

"Siku ya mkutano nilikuwa nimekaa nyuma," akasema. "Kule kwa mapipa."

Mteja akaja kuuliza bei ya karai, akamtajia, wakavutana, mteja akaenda zake. Mzee akafuta mikono kwa aproni. Akaniuliza binti ya Hazina anaishi wapi siku hizi. Nikamwambia Kayole. Akauliza matatu ya huko sasa ni pesa ngapi.